Kati ya 1482 na 1885 kulikuwa shamba



Kwenye sekondari wengi wetu tulipewa tarehe mbili za historia ya inchi yetu mbele ya ukoloni. Ya kwanza ni 1482, Diogo Cão anafika kwenye mdomo wa mto Kongo. Ya pili ni 1885, mkutano wa Berlin unaisha na Leopold II anapata inchi. Katikati iko miaka 403. Mwalimu anasema "falme, na biashara ya watumwa", halafu anageuza ukurasa. Kwa sisi wa agronomia, kule chuo ilikuwa mbaya zaidi: historia ya kilimo ilianza na mazao ya lazima ya 1917, ikafika INEAC ya 1933 na Yangambi, basi. Kama vile mbele ya hapo hakuna mtu alikuwa analima.

Leo naomba tuingie ndani ya lile tundu la miaka 403 na tutoe karne moja tu, karne ya 17. Siyo juu iko na wafalme wakubwa kuliko zingine. Ni juu sahani yetu ya kila siku ilianza kutengenezwa mule.

Kwanza tuweke hesabu sawa, maana hapa hata watu wenye diploma kubwa wanateleza. Karne ya 17 haiko ile miaka ya 1700. Inaanza tarehe 1 Januari 1601 na inaisha tarehe 31 Desemba 1700. Sababu ni ndogo: mtawa Dionisio, aliyetengeneza hesabu hii ya miaka huko Roma mwaka 525, alianza na mwaka wa 1. Hakuna mwaka sifuri. Miaka mia ya kwanza inaisha na mwaka 100, karne ya pili inaanza na 101, na ukiendelea hivyo hivyo unafika 1601.

Tena kalenda yenyewe haikuwa moja. Papa Gregorio wa 13 aliirekebisha mwaka 1582: siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba ikaitwa tarehe 15. Ureno ilikubali mara moja, Waingereza walikataa hadi 1752. Kwa hiyo karibu karne yote ya 17, nahodha Mreno na nahodha Mwingereza wakikutana kwenye bahari walikuwa na siku kumi za tofauti kwenye daftari zao, na jua lililowachoma lilikuwa moja.

Nasema haya ili tuone kama karne ni kipimo tu, sawa ile kamba yenye mafundo tunayovuta shambani. Kamba haijui nini imepandwa. Wafaransa wenyewe, wanapozungumza juu ya Karne Kubwa yao, mara nyingi wanaianzisha 1589, Henri IV anapopanda kwenye kiti, na kuifunga 1715, Louis XIV anapokufa. Walinyoosha kamba hadi ikaenea historia yao, na hakuna aliyewakataza. Mimi kamba yangu naifunga hivi: 1576 hadi 1709. Mwaka 1576 Paulo Dias de Novais anaanzisha mji wa Luanda, na toka siku ile kwenye mlango wa ufalme wa Kongo kuna mji wa Wareno wenye bandari, askari na njaa ya watumwa. Mwaka 1709 mfalme Pedro IV anarudisha watu Mbanza Kongo, mji mkuu uliokuwa umeachwa toka 1678. Katikati ya tarehe hizo mbili dunia ya upande wetu iligeuka, na haikurudi vile ilikuwa.

Mtu asiseme kwamba ule wakati hauna maandishi. Ufalme wa Kongo, ambao leo umegawanyika kati ya Angola, inchi yetu na Kongo-Brazzaville, ulikuwa unaandika barua. Ulikuwa na Wakristo toka 1491, na wafalme wake waliandikiana na Lisbon na Roma. Mfalme Álvaro II alituma balozi kwa Papa, António Manuel, anayejulikana pia kama Ne Vunda. Aliondoka 1604, akafika Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa sana, akafa siku chache baadaye. Walimzika katika kanisa la Santa Maria Maggiore, na sanamu yake ya jiwe jeusi iko mule hadi leo. Ni lile kanisa ambamo Papa Fransisko alizikwa mwaka 2025. Wengi wetu tuliangalia mazishi kwenye telefone bila kujua kama mtu wa kwetu alikuwa ametangulia mule miaka 417 mbele yake. Mwaka 1624 katekisimu ya Kikongo ilichapishwa Lisbon. Mwaka 1659 ikatoka sarufi ya Kikongo. Karne hii haikuwa bubu. Ni sisi hatukupewa masikio.

Sasa tuingie shambani, kwenye kazi yangu.

Mwaka 1591 kilitoka Roma kitabu cha Filippo Pigafetta juu ya ufalme wa Kongo. Yeye mwenyewe hakufika. Aliandika yale aliyoambiwa na Duarte Lopes, Mreno aliyekuja Kongo 1578. Kitabu kinataja nafaka za watu. Kinasifu sana moja yenye mbegu ndogo ndogo, ambayo wataalamu wanaitambua kama ulezi. Na mahindi? Yanatajwa kama nafaka ya chini kabisa, ya kulishia nguruwe. Jina lake lilikuwa "masa ma Mputu", ndiyo kusema nafaka ya Ureno. Lile neno Mputu ndilo tunalosikia hadi leo kwenye Lingala, watu wanaposema fulani ameenda Poto. Mahindi yaliingia kwetu na jina la mgeni, kama mtu aliyeshuka kwenye meli na bado hajafungua mizigo.

Mihogo haitajwi mule kama chakula cha watu wa Kongo. Ilikuwa bado upande wa pili wa bahari, Brazil, mikononi mwa Wahindi waliokuwa wanaila maelfu ya miaka mbele ya Mreno yeyote. Wareno waliona faida yake haraka. Unga wa mihogo uliokaangwa ni mkavu, mwepesi, haupate kuoza upesi kwenye meli. Mwanzo wa karne ya 17 unga ule ulitoka Brazil na kuletwa Luanda kulisha askari na mateka. Halafu wakaona ni ujinga kuleta kwa meli kitu kinachoweza kuota hapa hapa, wakaanza kulima kando ya mto Bengo. Waholandi walipoteka Luanda mwaka 1641, na kuikalia hadi 1648, wao pia walikula kutoka mashamba yale.

Hapa ndipo ninaposimama kila mara. Sisi tunafundishwa kama mihogo ni zao la usalama wa chakula, na ni kweli. Lakini kazi yake ya kwanza upande huu wa bahari ilikuwa kulisha bandari ya watumwa. Wanahistoria wanakisia kwamba katika karne ya 17 peke yake watu zaidi ya milioni moja walipakiwa kwenye meli kutoka pwani ya Afrika ya kati upande wa Atlantiki. Meli iliyoleta kijiti cha mihogo na meli iliyobeba mtoto wa mtu zilikuwa za biashara moja. Sijui kwa nini kozi yetu ya mazao ya mizizi inasema tu "asili: Amerika ya Kusini", na kupita.

Basi kwa nini wakulima waliikubali? Hakuna aliyewalazimisha ndani ya inchi, mbali na pwani. Hapa agronomia inaweza kusaidia historia. Ulezi na mtama vinaiva siku moja, vinavunwa, vinawekwa kwenye ghala. Jeshi likipita, linachoma ghala usiku mmoja na kijiji kinakufa mwaka mzima. Mihogo inakaa chini ya udongo mwaka moja, hata miwili, inangoja mwenyewe. Unakimbia, unakaa porini miezi, unarudi, unachimba. Nzige wakila majani, mizizi inabaki. Udongo uliochoka unaikubali. Sisi wa Kivu hatuhitaji profesa wa kutufundisha hiyo. Tumeona watu wanarudi toka ukimbizini na kitu cha kwanza wanaenda kuangalia ni shamba la mihogo. (Na askari wenye njaa wanajua kuchimba pia, tusidanganyane.)

Na Kongo ya karne ya 17 ilikuwa inchi ya kukimbia. Tarehe 29 Oktoba 1665, pale Mbwila, jeshi la Wareno wa Luanda na wasaidizi wao lilipiga jeshi la Kongo. Mfalme António I aliuawa kwenye vita na kichwa chake kikapelekwa Luanda. Baada yake familia kubwa, Kimpanzu na Kinlaza, ziligombania kiti miaka mingi, na kila upande uliuza mateka wa upande mwingine. Mji mkuu ukaachwa. Mule ndani ya vita ile alizaliwa Kimpa Vita, binti aliyehubiri watu warudi Mbanza Kongo na wafalme waache kupigana. Walimchoma moto mwaka 1706. Zao lenye kujificha chini ya udongo lilikutana na watu wenye kujificha porini. Mimi naona mkutano ule ni tukio la historia sawa na vita ya Mbwila yenyewe, ijapokuwa hauna tarehe.

Tena haikuwa bure. Mihogo ina protini kidogo sana kuliko ulezi, na ile chungu iko na sumu. Usipoilowesha siku za kutosha kwenye maji, miguu ya watoto inakauka. Ugonjwa ule tunauita konzo, na Kwango wanaujua sana. Wahindi wa Brazil waliparuza mizizi, wakaikamua na kuikaanga. Kwetu wamama walichukua njia ya maji: kulowesha, kuanika, kutwanga, ama kufunga chikwange. Kuna mtu alijaribu siku mbili akaona watu wanaugua, akajaribu siku tatu, nne. Utafiti ule ulifanyika bila maabara, na jina la mtafiti hatuna. Lakini ni utafiti.

Sasa ndugu wa Kasai ataniuliza: hayo ni ya Bas-Congo, sisi tulikuwa wapi? Swali zuri, na jibu lake linapitia juani.

Wakuba, kati ya Kasai na Sankuru, wana orodha ndefu ya wafalme wao, na kati yao anayesifiwa kuliko wote ni Shyaam a-Mbul a Ngoong. Masimulizi yanasema alisafiri upande wa magharibi, akaona mambo ya watu wengine, akarudi na elimu. Wanampa sifa ya kuleta mahindi, mihogo, tumbako, ufundi wa kudarizi nguo za rafia, hata mchezo wa mbao wa kuhesabu mbegu. Sanamu yake iliyoko British Museum inamwonyesha amekaa mbele ya mbao ule. Mimi sizani mtu mmoja alileta vyote. Mfalme mwenye jina kubwa ni kama sumaku, kila kitu kizuri kinamshika. Lakini angalia orodha ya mazao: mahindi, mihogo, tumbako. Yote matatu ni ya Amerika. Watu walikumbuka, bila kitabu, kwamba vitu vile vilikuja pamoja, kutoka magharibi, katika wakati mmoja. Shina la masimulizi liko sawa.

Wakati gani? Mwaka 1908 Emil Torday, Muhungaria aliyekuwa anakusanya vitu kwa ajili ya ile British Museum, alikaa na wazee wa kiti cha Wakuba wakamhesabia wafalme moja moja. Walipofika kwa mmoja anayemwandika Bo Kama Bomanchala, walimwambia kama hakuna kubwa lilitokea wakati wake, isipokuwa siku moja katikati ya mchana jua lilizimika na kukawa giza kwa muda mfupi. Torday aliruka kwa furaha. Alipouliza wanajimu wa Ulaya, walimpa tarehe: 30 Machi 1680, kupatwa kwa jua kulikoonekana kwenye eneo lile. Toka msumari ule alirudi nyuma kwa kuhesabu wafalme, akamweka Shyaam karibu na mwaka 1600. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeandika historia ya Wakuba nusu karne baadaye, alimsogeza mbele kidogo, karibu na 1625. Kwa vyovyote tuko ndani ya karne ya 17.

Tafakari kidogo. Wazee wale hawakujua kalenda ya Gregorio. Walitunza jambo ambalo kwao lilikuwa dogo, kichwani, zaidi ya miaka 220, na ndilo lililofunga historia yao na hesabu ya dunia nzima. Vansina anaonyesha pia kwamba mazao mapya, kwa sababu mahindi yanakubali kuvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, yaliongeza sana chakula cha Wakuba, na juu ya chakula kile walijenga mahakama, vyeo, wachongaji na wafumaji. Zile velvet za Kasai ambazo watalii wanazinunua zinakaa juu ya shamba la mahindi.

Kutoka pale mazao yaliendelea kutembea kwa miguu. Gamitto, afisa Mreno aliyefika kwa Kazembe, kwenye Luapula, mwaka 1831, alikuta mihogo ndiyo chakula kikuu. Huku Kivu ilichelewa zaidi. Sehemu nyingi iliingia kwa amri ya Wabelgiji, na fimbo nyuma yake. Kwa hiyo karne haifiki fasi zote siku moja. Ile ya Bengo na ya Wakuba, kwenye vilima vingi vya kwetu ilifika katika karne ya 20, na wazee waliolazimishwa kuipanda tuliwakuta bado wanaishi.

Weka sasa sahani mbele yako. Bugali ya mihogo ama ya mahindi: Amerika. Sombe: jani la mti wa Amerika. Maharagi: Amerika. Karanga uliyotia ndani, pilipili, nyanya: Amerika. Ndizi ilitoka Asia. Mawese, ndiyo, hayo ni ya kwetu kabisa. Ukiondoa vyote vilivyofika baada ya Diogo Cão, unabaki na ndizi, mafuta na sufuria. Babu wa babu alikula ulezi, mtama, ndizi na viazi vikuu, na leo ukipika bugali ya ulezi watoto wanauliza nani anaumwa.

Mtu anaweza kusema haya ni ya kusomea tu. Hapana. Mwaka 1973 karibu na Kinshasa na Brazzaville alionekana mdudu mweupe kama unga, koshenili ya mihogo. Kwa miaka michache aliangusha mashamba sehemu kubwa ya Afrika. Dawa za kupuliza zilikuwa ghali na hazikufaa kwa wakulima wadogo. Watafiti wa IITA, Ibadan, walijiuliza swali la historia: mmea huu ulitoka wapi, na adui wa mdudu huyu alibaki wapi? Walitafuta Amerika ya kati na kaskazini ya Amerika ya Kusini, wakapata mdudu anayefanana naye lakini siye. Mwaka 1981 mwenyewe akapatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo anayemla. Nyigu yule aliachiliwa Nigeria mwaka ule ule, akasambaa inchi kwa inchi, na Hans Herren aliyeongoza kazi ile alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mmea ulikuwa umekaa kwetu zaidi ya miaka 300 bila mdudu yule. Bila kujua safari yake, wangetafuta bado.

Mozaiki ni kinyume. Virusi vile havikutoka Amerika, ni vya Afrika. Mihogo ilivikuta hapa, na nzi weupe pamoja na vijiti tunavyopeana kwa jirani vinavisambaza. Ndiyo maana aina mpya zinazovumilia mozaiki ni lazima zitengenezwe na kujaribiwa huku, na ndiyo maana kazi yangu nyingi kwenye tambarare ya Ruzizi ni kuomba watu wang'oe mashina yaliyokunjamana majani.

Mama mmoja kule alinikatalia kabisa. "Mtoto wangu, hizi ni za tangu mababu, wewe unaleta za muzungu." Nilikaa chini, nikamwelezea safari yote: Brazil, Luanda, masa ma Mputu, Wabelgiji na fimbo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Na mbele ya hizi, walikuwa wanakula nini?" Nikamwambia ulezi na mtama. Akasema mama mkwe wake alikuwa bado na mbegu ya ulezi kwenye chungu, wakati yeye anaolewa, na hakuna aliyejua tena namna ya kuipanda. Halafu akaniambia nimuachie vijiti ishirini, avipande pembeni, mbali kidogo na zile zake, aone.

Mwezi ujao narudi kuvihesabu. Na ile mbegu ya ulezi, naanza kuiulizia kwenye vilima vya juu.